Namna ya Kutunga Hadithi ya Upelelezi ya Wanyama kwa Watoto: Mwongozo Kamili kutoka Bukavu

Anayetega kitendawili hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humpa msikilizaji kila anachohitaji ili apate jibu, na papo hapo humficha jibu lenyewe. Anaposema "nyumba yangu haina mlango", yai limekwisha kuelezwa lote, na mtoto akishindwa, akatoa mji, kisha akaambiwa jibu, hakasiriki. Hucheka, kwa sababu anatambua kuwa jibu lilikuwa mbele yake tangu mwanzo. Hadithi ya upelelezi ni kitendawili kirefu cha aina hiyo hiyo. Kosa limetendeka, aliyelitenda hajulikani, na msomaji hutembea pamoja na mpelelezi akiokota dalili moja baada ya nyingine hadi ukweli udhihirike. Mtoto wa Kadutu au wa Bagira, hapa Bukavu mashariki ya Kongo, ambaye amelelewa na vitendawili ana matayarisho yote anayohitaji ili kuifurahia, na mzazi au mwalimu anayejua kutega kitendawili kizuri amekwisha kujifunza nusu ya kazi ninayotaka kuieleza hapa.

Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya wale wanaotaka kuwatungia watoto wa miaka 7 hadi 11 hadithi za Kiswahili ambazo wapelelezi wake ni wanyama. Nina sababu moja inayonisukuma zaidi ya nyingine zote. Katika miji yetu, watoto wamewahi kutuhumiwa uchawi na kufukuzwa nyumbani kwa sababu tu ugonjwa au ufukara uliingia katika familia na hapakuwa na mtu wa kuuliza: umeona nini hasa, na umejuaje kwamba ni huyu? Hadithi ya upelelezi huliuliza swali hilo katika kila ukurasa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo mimi siivunji kwa sababu yoyote, ni kwamba ufumbuzi usitokane na uchawi, mizimu, ndoto wala ramli. Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyeandika hadithi za upelelezi, aliiweka kanuni kama hiyo katika orodha yake ya masharti kumi mwaka 1929 kwa ajili ya uungwana wa mchezo; kwetu sisi ina uzito kuliko mchezo.

Hatua ya kwanza: chagua kosa dogo ambalo kwa mtoto ni kubwa

Usianze na mauaji. Watoto wa Kivu wamesikia milio ya risasi ya kutosha, na hadithi ya jioni haina haja ya kuwaongezea maiti. Chagua kitu kilichopotea, kilichovunjika au kilichobadilishwa: ndoo ya maji iliyomwagwa usiku, kengele ya shule isiyolia, mayai yanayopungua, daftari lililoloa, samaki wadogo waitwao sambaza waliotoweka juu ya wavu wa kuanikia. Kipimo changu ni hiki: je, jambo hili likitokea katika uwanja wetu, mtoto atakwenda kumwambia mwenzake mbio? Likiwa hivyo, linafaa.

Katika mwongozo huu nitajenga hadithi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, nayo ni ya sambaza. Hapa Bukavu hakuna asiyezijua. Samaki hao wadogo waliletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio wanaosubiriwa ufuoni kila alfajiri. Wavuvi huenda ziwani usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba huku wakipiga makasia, na taa zao ndizo zinazowakusanya samaki juu ya wavu. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti kitu, kwa kuwa maji yote yana nuru, na wavuvi hupumzika. Naomba uikumbuke sentensi hiyo ya mwisho.

Hatua ya pili: andika ukweli wote kabla ya kuandika hadithi

Waandishi wengi wanaoanza huketi na kuandika ukurasa wa kwanza wakitumaini kwamba mwizi atajitokeza mwenyewe njiani. Nami nilifanya hivyo. Jioni moja umeme ulipokatika niliwasomea watoto wa majirani hadithi yangu, na mwishoni nikawatangazia kwamba mkosaji ni Nungunungu. Msichana mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mshumaa akasema kwa upole, "Lakini huyo hakuwepo." Alisema kweli. Nungunungu hakuwa ametajwa hata mara moja kabla ya ukurasa wa mwisho, na watoto wale walikuwa wamekisia kwa bidii yao yote bure.

Tangu siku hiyo huchukua karatasi moja na kuandika ukweli mtupu, bila mapambo, kama taarifa. Kwa hadithi yetu taarifa ni hii. Usiku wa mbalamwezi, Paka mwenye watoto watatu aliufanya mtumbwi wa zamani uliopinduliwa kuwa makao yake, yaani alihamia chini yake. Alikiangua kitenge cha Mama Sifa, mwenye sambaza, kutoka kwenye kamba, akakiburuta mchangani ili watoto wake wakilalie. Kisha alirudi kwenye wavu wa sambaza zilizoanikwa, akainua pembe moja ambayo haikuwekewa jiwe, akala na kubeba. Asubuhi alipoulizwa alijibu kwamba usiku kucha alikuwa juu ya paa la butiki akitazama taa za wavuvi ziwani. Taarifa imekwisha. Ina kosa, sababu, njia, wakati na uongo mmoja, na hivyo vitano vikikamilika unaweza kuanza kuandika.

Sababu ndiyo inayohitaji kufikiriwa zaidi. Mkosaji katika hadithi ya mtoto asiwe mbaya kwa kuzaliwa. Njaa, woga, wivu, haya na kutofahamu ni sababu ambazo mtoto anazielewa kwa kuwa amezionja.

Hatua ya tatu: mchague mpelelezi kwa hisi yake

Hapa ndipo hadithi nyingi za wanyama zinapopotea. Mwandishi humvika sungura koti, humpa miwani na daftari, humwita mpelelezi, na kuanzia hapo sungura hufanya kila kitu kama binadamu. Ukimwondoa sungura ukaweka mtu mfupi, hakuna kinachobadilika. Mnyama wa namna hiyo ni vazi tu. Mpelelezi wa kweli ni yule anayejua jambo ambalo binadamu hawezi kulijua, kwa kuwa pua yake, macho yake, masikio yake au miguu yake haifanani na yetu, na papo hapo ana upungufu unaomzuia asijue kila kitu. Uwezo humpa dalili, upungufu humpa shida. Bila upungufu, hadithi itakwisha katika ukurasa wa tatu.

Mimi nimemchagua panyabuku, na sikumchagua kwa mzaha. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO huwafundisha panyabuku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na pia kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, akiwa panya wa kwanza kuipata. Mwepesi wa mwili, hukanyaga juu ya bomu bila kulilipua. Macho yake ni hafifu, hutoka usiku, ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula, na hupenda kuweka akiba shimoni. Tazama utajiri ulioko hapo: mpelelezi mwenye pua ya ajabu, asiyeona mbali, na ambaye kwa tabia ya kuweka akiba anaweza kushukiwa yeye mwenyewe. Na kama anayemhoji ni paka, basi kila swali analouliza linahitaji ushujaa.

Wapo wengine wengi wa kuchagua. Kinyonga huyazungusha macho yake kila moja upande wake, hivyo anaweza kuwatazama washukiwa wawili kwa pamoja, lakini ana mwendo wa pole na usiku hulala. Nyoka hana masikio ya nje. Husikia mtikisiko wa ardhi, na anaweza kuapa kwamba mtu mzito alipita ingawa hakumwona. Popo huitambua njia gizani. Mbwa wa kunusa nyayo wanafanya kazi kweli katika hifadhi ya Virunga wakiwasaidia walinzi kuwafuata majangili, na mtoto wa Goma akisoma kuhusu mpelelezi mbwa atakuwa anasoma jambo linalotendeka jirani naye. Yuko pia basenji, mbwa wa asili ya Kongo, ambaye habweki kama mbwa wengine. Fikiria kesi ambayo shahidi anadai aliamshwa na kubweka kwake.

Kwa sokwe wakubwa wa Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970, kuna zawadi ya pekee kwa mwandishi. Kila gorila ana mikunjo ya pua isiyofanana na ya mwingine, na wanaowafuatilia huwatambua kwa mikunjo hiyo. Mahali ambapo mpelelezi binadamu angetafuta alama za vidole, wewe unaweza kutumia alama ya pua katika matope au juu ya jani lenye umande.

Kuhusu bundi ninatoa tahadhari. Ana masikio makali na huruka bila sauti, lakini katika nyumba nyingi hapa akilia juu ya paa watu hunyamaza kwa hofu. Ukimtumia, mtumie kwa makusudi ya kuiondoa hofu hiyo, tena mapema katika hadithi. Na kakakuona, mnyama anayewindwa kupita kiasi, anaweza kuwa mpelelezi mzuri sana anayejikunja kama mpira anapoogopa, mradi usimwonyeshe akifugwa nyumbani.

Hatua ya nne: washukiwa watatu, mashahidi wawili

Kwa mtoto wa miaka 8, washukiwa watatu wanatosha. Wakiwa watano anawachanganya. Kila mmoja awe na sababu ya kushukiwa inayotokana na tabia yake halisi, na kila asiye na hatia aondolewe kwa ushahidi, si kwa kuwa ana sura nzuri. Kwetu washukiwa ni Kunguru, Fisi maji na Paka. Kunguru huiba mchana kweupe, lakini usiku hulala mtini, na Mama Sifa alizihesabu bakuli zake za sambaza baada ya jua kuzama. Fisi maji hula samaki kila siku, lakini haendi mbali na maji, na mchanga kuzunguka wavu ulikuwa mkavu. Anabaki Paka, na Paka ana mahali pa kusema alipokuwa.

Shahidi mmoja awe wa kuaminika na mwingine wa kutiliwa shaka, tena kwa sababu ya mwili wake. Kuku anafaa sana kuwa wa pili. Kuku haoni vizuri gizani. Ndiyo maana jioni hurudi bandani mwenyewe. Akija asubuhi na maelezo marefu kwamba alimwona Fisi maji usiku wa manane, mtoto anayefuga kuku atainua kichwa chake mara moja. Shahidi wa kwanza ni Chura, anayekaa ukingoni, ambaye hakuona kitu ila alisikia.

Hatua ya tano: zipande dalili mbele ya macho ya msomaji

"Dalili ya mvua ni mawingu", na mawingu hayajifichi. Ni sisi tunaoshindwa kutazama juu. Dalili njema iko hivyo. Imeandikwa waziwazi, katika sentensi ya kawaida, mahali ambapo msomaji ana shughuli nyingine ya kufikiria. Haki ya mtoto ni hii: kila ambacho mpelelezi atakitumia kufumbua, msomaji awe amekwisha kukisoma.

Dalili yetu kuu ni mwezi. Siwezi kuandika "ulikuwa usiku wa mbalamwezi na wavuvi hawakwenda kazini", kwa kuwa hapo nimelitoa jibu. Badala yake, katika ukurasa wa pili ninaandika kwamba Mama Sifa alizihesabu sambaza zake nje, bila taa, akaona hata mkia wa samaki mmoja uliokatika, kisha mtoto wake akamtania kwamba anahesabu samaki kama anayehesabu fedha, na wote wakacheka. Msomaji anaondoka na kicheko, na mwezi unabaki nyuma yake. Kuficha dalili ndani ya jambo linalochekesha ni njia ninayoipenda kuliko zote. Njia nyingine ni kuiweka katikati ya vitu vitatu, kwa kuwa sikio hukumbuka cha kwanza na cha mwisho: "Alianika wavu, akatundika kitenge kwenye kamba, akaita watoto waje kula." Kitenge kimekwisha kutajwa, na asubuhi hakuna atakayesema kwamba kimepotea, kwa kuwa wote wanalia juu ya sambaza.

Sasa upungufu wa mpelelezi unaingia kazini. Buku, ndivyo nilivyomwita, haoni mbali, na usiku ule alikuwa shimoni akipanga akiba yake. Hajui kama mwezi ulikuwa mpevu au la. Anaufikia ukweli ule ule kwa pua. Mtoto mwenye macho anaufikia kwa mwezi, mpelelezi anaufikia kwa harufu, na mtoto anaweza hata kufika kabla yake. Nikifanikiwa kuzijenga njia mbili namna hii katika hadithi, najua imesimama.

Weka pia dalili moja ya kupotosha, ila iwe na maelezo yake ya kweli. Mbele ya shimo la Buku kuna magamba ya samaki. Majirani wanaanza kunong'ona. Mwishoni inajulikana kwamba aliyaokota ufuoni wiki iliyopita. Kumtilia shaka mpelelezi kwa kurasa mbili humwonyesha mtoto jinsi inavyouma kutuhumiwa bila kosa.

Hatua ya sita: tumia sarufi ya Kiswahili kama mahali pa kuficha

Lugha yetu ina vipawa ambavyo watunzi hawavitumii vya kutosha. Kifaransa, ambacho watoto wetu wanakisoma shuleni, humlazimisha mwandishi kusema karibu kila mara kama mtendaji ni wa kiume au wa kike. Kiswahili kinasema "alichukua", na siri imebaki salama. Ninaweza kuandika kurasa kumi kuhusu Paka bila msomaji kujua kwamba Paka ni mama mwenye watoto, na sijamdanganya hata kwa neno moja.

Upande mwingine, ngeli za majina hutoa dalili kwa siri. Chura anapohojiwa anasema, "Sikukiona, lakini nilikisikia kikiburutwa mchangani." Kama ni karai angesema "likiburutwa", kama ni wavu, "ukiburutwa", kama ni sambaza zenyewe, "zikiburutwa". Alisema "kikiburutwa". Mtoto anayezungumza Kiswahili tangu utotoni analo jibu ulimini mwake bila kufundishwa: ni kikapu, au kiti, au kitenge. Nimewaona watoto wakisimama kwa furaha walipoligundua hilo wenyewe. Kwa sababu hiyo mwandishi awe mwangalifu mno na upatanisho wa maneno, kwa kuwa kosa moja la ngeli linaweza kuwa dalili ya uongo ambayo hukuikusudia. Na wanyama wote wachukue "a-" na "wa-", ikiwa ni pamoja na chura na kinyonga.

Heshima nayo inaweza kubeba siri. Katika hadithi yetu kila mtu humwita Paka kwa jina hilo tu, isipokuwa Chura, ambaye kwa adabu yake husema "Mama Paka". Hapa kwetu "mama" ni heshima ya kila mwanamke mzima, kwa hiyo neno linapita bila kushukiwa. Chura lakini anakaa karibu na mtumbwi uliopinduliwa, na amekwisha kusikia vilio vya watoto.

Kuhusu Kiswahili cha kutumia, ninashauri masimulizi yawe katika Kiswahili sanifu chepesi, na mazungumzo yaruhusu maneno ya nyumbani kama sombe, makala na lenga-lenga, kwa kuwa mtoto akilikuta neno la jikoni kwao kitabuni hujua kwamba kitabu ni chake. Usiyaeleze maneno hayo pembeni. Anayeishi hapa anayajua, na wa mbali atayaelewa kutokana na habari yenyewe.

Hatua ya saba: mahojiano

Mahojiano yawe mafupi, na kila moja litoe jambo moja. Hiki ni kipande cha hadithi yenyewe.

Buku alisimama kwenye tundu la mfereji kando ya butiki, akaacha pua yake tu itokeze nje.

"Hodi, Paka."

"Karibu, Mzee Buku. Leo umetoka mchana?"

"Nimeletwa na shida ya Mama Sifa. Usiku ulilala wapi?"

"Juu ya paa hapa. Nilitazama taa za wavuvi ziwani mpaka usingizi ukanichukua."

"Zilikuwa nyingi?"

"Nyingi sana, mzee. Kama nyota."

Buku alishukuru, akarudi nyuma polepole bila kumgeuzia mgongo. Kisha aliteremka hadi ufuoni, akapanda kwenye ukingo wa mtumbwi wa wavuvi, akainusa karabai ya kwanza. Akainusa ya pili. Akainusa ya tatu. Zote zilinuka vumbi na kutu.

Tazama kilichoachwa. Sikuandika kwamba Paka alibabaika wala kwamba macho yake yalikwepa. Muongo anayetetemeka humnyang'anya mtoto kazi ya kufikiri. Sikueleza maana ya vumbi. Taa iliyowashwa usiku kucha ingenuka mafuta asubuhi, na kulifikia hilo ni kazi ya msomaji. Swali la "zilikuwa nyingi?" linaonekana la kupoteza muda, na ndilo linalomfunga Paka katika uongo wake. Hofu ya Buku iko katika miguu yake, hakuna neno "aliogopa" popote.

Hatua ya nane: simama, kisha fumbua

Kabla ya ufumbuzi weka mapumziko ya wazi. Desturi ya vitendawili inatuongoza: aliyeshindwa huombwa mji. Buku awakusanye wanyama chini ya mparachichi na aseme, "Dalili zote mnazo. Nani anajua? Na asiyejua, anipe mji." Anayesoma kwa sauti afunge kitabu hapo na kuwasikiliza watoto. Usiwaharakishe, na usimcheke anayemtaja Fisi maji. Muulize ameona nini kilichomfanya afikiri hivyo.

Ufumbuzi ufuate mpangilio wa dalili, moja moja: karabai zenye vumbi, Mama Sifa aliyehesabu bila taa, sauti ya kitu chenye "ki-", kitenge kilichokosekana kambani, na hatimaye mtumbwi unaoinuliwa na watoto watatu wa paka wanaoonekana wamelala juu ya maua ya kitenge. Usiingize habari mpya hapa, hata kama ni nzuri kiasi gani. Kisha shughulikia kosa. Mimi sipendi hadithi inayomfukuza Paka, wala ile inayomsamehe kana kwamba Mama Sifa hakupoteza kitu. Katika yangu, Paka anakubali kulinda wavu mpaka thamani ya sambaza irudi, na Mama Sifa anaweka jiwe la nne. Majirani walionong'ona kuhusu magamba wanakwenda kwenye shimo la Buku kuomba radhi, kila mmoja kwa zamu yake.

Hatua ya tisa: isome kwa sauti

Wasomee watoto watatu au wanne ambao si wako. Ukisimama kwenye mapumziko, hesabu majibu. Wote wakimtaja mkosaji, dalili ziko wazi mno. Funika moja kwa kicheko kingine. Asipotajwa na yeyote, hukuwa wa haki, na mara nyingi utakuta kwamba dalili muhimu imetajwa mara moja tu, tena mbali sana. Zitaje dalili kuu mara mbili kwa namna mbili tofauti. Mtoto akiuliza "kwa nini hakuenda kuomba?", usimjibu kwa mdomo; jibu hilo liingie katika hadithi.

Hatua ya kumi: tengeneza kijitabu

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo karatasi nne hutoa kurasa 16. Ondoa jalada la mbele na la nyuma, acha ukurasa mmoja wa orodha ya wanyama pamoja na picha zao na mwingine mtupu kabla ya ufumbuzi, na utabaki na kurasa 12. Kwa mtoto wa miaka 8, maneno 70 kwa ukurasa yanatosha pamoja na mchoro, nayo yanakupa hadithi ya maneno kama 840. Panga kurasa kabla ya kupeleka kwenye fotokopi, ukikumbuka kwamba ukurasa wa 1 na wa 16 hukaa upande mmoja wa karatasi ile ile, na shona katikati kwa uzi na sindano nene kama huna pini.

Michoro iwe na dalili pia. Katika ukurasa wa pili chora kivuli cha Mama Sifa chini, kirefu na cheusi, ingawa ni usiku. Na ukurasa unaotangulia ufumbuzi uache mtupu, wenye mstari mmoja tu wa maandishi juu: "Andika hapa jina la unayemshuku, na ulichokiona."